Kufuli ya malaria iko kwenye damu yetu, mbona nakala tunaagiza majuu?

Msomaji, kama malaria imewahi kukulaza unaijua ile baridi ya kutetemeka chini ya blanketi mbili saa saba mchana. Wacha nikuonyeshe mlango inaopitia.

Juu ya chembe zako nyekundu za damu kuna protini inaitwa basigini. Kimelea cha Plasmodium falciparum, kile hatari zaidi, kina protini yake, RH5, inayoshika hiyo basigini. Isiposhika, hakiingii. Mwaka wa 2011, watafiti wa taasisi ya Sanger, Uingereza, walitangaza kwamba kila aina ya kimelea hicho waliyoijaribu ilikwama basigini ilipozibwa.

Walijuaje? Hapa ndipo raha iko. Walichukua maelekezo ya kijenetiki ya protini za juu ya chembe hizo, wakayapachika kwenye seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara, nazo zikawatengenezea nakala zinazoelea tu kwenye maji. Bakteria ni rahisi kufuga, lakini protini nyingi za aina hii huvikwa sukari na kukunjwa kwa namna ambayo bakteria hawawezi. Mkunjo ukikosewa, unajaribu ufunguo kwenye kufuli feki.

Leo RH5 ni chanjo inayojaribiwa. Matokeo ya Burkina Faso yaliyotoka 2024 yalionyesha kinga ya asilimia 55 kwa kundi la watoto lililofanya vizuri zaidi. Si mchezo.

Sasa turudi nyumbani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinilemea. Lakini kabla sijatoka, tuliagiziwa protini kama hizi kwa somo la kinga ya mwili. Kisanduku kilikaa siku kadhaa njiani, kikafika barafu imekuwa maji. Mwalimu alikiangalia, akakifunika, tukasomea kwenye picha. Na bei je? Mikrogramu 100, kitu usichoweza hata kukiona vizuri, huuzwa mamia ya dola. Hiyo ni karo ya mtu, manze.

Usiniambie hatuna vichwa. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi wameichunguza malaria kwa miongo. Tunachokosa ni mahali pa umma pa kukuza seli hizi na kuuzia vyuo vichupa kwa bei ya kibinadamu, bila kungoja ndege. Pesa? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina itoe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa utafiti. Haijawahi kufika hapo.

Kwa hivyo mbunge wako akija kuomba kura 2027, muulize hiyo asilimia 2 iko wapi. Akianza kukujibu mambo ya barabara, mrudishe kwa swali.