Umemaliza kutyuni? Bado, rudisha sanduku la hewa kwanza

Leo naiacha kompyuta kidogo nizungumzie mashine ambayo wengi wetu hapa Kenya tumeiona kwenye runinga tu: pikipiki ya theluji. Ni ile isiyo na magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuiongoza, na chini yake kuna mkanda mpana wa mpira unaoisukuma. Kampuni ya Bombardier ya Valcourt, Quebec, ilianza kuuza Ski-Doo mwaka 1959, na tangu hapo mashine za aina hii zimekuwa chombo cha kazi na cha starehe kule Canada, Alaska na Skandinavia.

Mpya nyingi siku hizi zina injeksheni ya elektroniki. Lakini zile za zamani zenye kabureta bado zipo, na wenye nazo huzifungua wenyewe gerejini. Hao ndio ninaotaka kubishana nao. Wengi huhesabu kwamba kazi imeisha pale jeti mpya zinapoingia na injini inapolia vizuri. Kurudisha sanduku la hewa wanaona ni kama kufunga mfuniko tu. Mimi nasema hapana. Injini haijatyuniwa mpaka sanduku lirudi mahali pake na injini ijaribiwe tena likiwa pale.

Kwanza tuelewane sanduku lenyewe ni nini. Ni boksi la plastiki linalokaa nyuma ya kabureta na kuunganishwa nazo kwa mipira mifupi. Linapunguza kelele ya hewa inayovutwa. Linazuia vumbi la theluji lisiingie. Na hili ndilo watu husahau: linapima hewa. Mtengenezaji alichagua ukubwa wa jeti akijua injini itapumua kupitia boksi lile, na matundu yake ni ya ukubwa ule.

Ukiliondoa, hewa inaingia kwa urahisi zaidi na mchanganyiko unakuwa mwembamba, yaani hewa nyingi, petroli kidogo. Kwenye injini ya mipigo miwili hilo ni jambo la hatari. Pistoni inapata joto kupita kiasi, na ukishika mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu inaweza kutoboka au kukwama kwenye silinda. Sasa geuza hesabu. Ukichagua jeti boksi likiwa mezani, halafu ukalirudisha, petroli inazidi, plagi zinalowa, mashine inakohoa. Kwa hiyo ukijaribu injini bila sanduku umejaribu injini nyingine kabisa, siyo ile utakayoipanda.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. "Kwangu inafanya kazi!" Programu imejaribiwa kwenye kompyuta ya aliyeiandika, ikifika kwenye seva ya mteja inakufa, kwa sababu mazingira si yale. Tofauti ni kwamba seva ikifa unaiwasha upya. Pistoni ikitoboka kilomita 40 kutoka nyumba ya karibu, kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, hakuna cha kuwasha upya. Unatembea, na theluji inakufika kiunoni.

Baridi yenyewe pia ina hesabu yake. Kwa shinikizo lile lile, hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi sifuri. Ina maana jeti iliyokuwa sawa siku ya joto inaweza kuwa ndogo siku ya baridi kali. Nako milimani, kama Colorado, hewa ni nyepesi na watu huweka jeti ndogo zaidi. Mambo haya yanabadilika yenyewe na huwezi kuyazuia. Sanduku la hewa ni kitu unachoweza kukishika kikae vile vile, basi kwa nini ukiache nacho kibadilike?

Najua jibu la upande wa pili: "Ondoa boksi, weka filta za wazi, utapata nguvu zaidi." Kwa mtu wa mashindano anayepima na kubadilisha jeti zote upya, sawa. Lakini kwa anayepita njia za msituni, theluji laini ikivutwa ndani ya kabureta inaweza kuyeyuka kisha ikaganda, na kile kizibo kinachopanda na kushuka kikakwama juu. Hapo umeachia mafuta lakini mashine haijaachia.

Nakubali kwamba kulirudisha ni taabu, na hapa nawalaumu pia wabunifu. Nafasi ni finyu, mipira ya zamani ni migumu, na kabureta mbili au tatu lazima ziingie kwa pamoja. Kitu kigumu kurudisha kitarudishwa vibaya, hiyo ni kanuni hata kwenye programu. Dawa yake si kutumia nguvu. Iache mashine ipate joto ndani, au pasha mipira kwa mashine ya kukaushia nywele. Paka maji ya sabuni kidogo, usipake grisi, maana mafuta huharibu aina nyingi za mpira. Legeza klipu za upande wa injini ili kabureta zicheze kidogo, kisha ukimaliza uzikaze zote.

Halafu chukua tochi na upitishe kidole kuzunguka kila mpira. Mpira mmoja ukijikunja, kabureta moja inapumua tofauti na mwenzake, na silinda moja inaungua huku nyingine ikiwa salama. Hakikisha mabomba madogo ya hewa hayajabanwa. Kabla ya kuwasha, bonyeza wenzo wa mafuta na uuachie, usikie vizibo vikirudi chini. Angalia pia kebo ya pampu ya oili kama ipo. Baada ya kuendesha, soma plagi: kahawia ni nzuri, nyeupe ni hatari, nyeusi na mbichi ni petroli nyingi.

Yote haya ni kama nusu saa. Pistoni na silinda ni pesa nyingi, na usiku mmoja kwenye theluji unaweza kuwa ghali kuliko hivyo. Fundi anayekukabidhi mashine na kusema "nimetyuni", muulize swali moja tu: uliijaribu sanduku likiwa limefungwa? Akianza kujikuna kichwa, mwambie arudi gerejini.