"Wakati Halisi" au Kuwahi? Maoni Kuhusu Istilahi Moja ya Kompyuta

Waundaji wa vifaa vinavyoongozwa na kompyuta ndogo huuliza maswali ambayo mwanaisimu hana budi kuyasikiliza. Wengi wao hutumia mifumo endeshi ya chanzo huria, kama vile FreeRTOS, iliyoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003, na Zephyr, iliyo chini ya Linux Foundation tangu mwaka 2016. Anayeanza huuliza: je, mfumo huu una kasi kuliko mingine? Swali hilo linatokana na kutoielewa dhana, na istilahi "mfumo endeshi wa wakati halisi" haimsaidii muulizaji. Istilahi hiyo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, lugha ambayo nayo huzaa kosa lilo hilo.

Tuchukue mfano. Maji yanayosafishwa Ruvu Juu, huko Mlandizi wilayani Kibaha, hufika mji wa Kisarawe kupitia Kibamba, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2020. Kwa kuwa Kisarawe iko vilimani, maji hayo sharti yasukumwe kwa pampu. Tuseme mwanafunzi anabuni kidhibiti cha pampu ya namna hiyo. Valvu ikifungwa ghafla, shinikizo hupanda. Pampu isipozimwa kabla ya ukomo wa muda uliowekwa, bomba huweza kupasuka. Kidhibiti kinachozima pampu baada ya bomba kupasuka kimetoa jibu sahihi, lakini kimekosea. Wahenga walinena: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hiyo ndiyo dhana yenyewe. Si kasi, wala si uhalisi wa wakati, bali ni kuwahi.

Swali la pili huthibitisha hoja hii: kwa nini kazi yenye kipaumbele cha juu hukwama? Kazi ya chini ikishikilia rasilimali inayohitajiwa na kazi ya juu, kazi ya kati huweza kuichelewesha ile ya chini, na hivyo kuizuia ya juu. Hali hiyo ilikifanya chombo cha Pathfinder, kilichotua Mirihi mwaka 1997, kijiwashe upya mara kwa mara. Anayedhani suala ni kasi atatafuta kichakataji chenye nguvu zaidi. Anayejua kwamba suala ni kuwahi atachunguza ni kazi ipi inayoizuia nyingine.

Kwa hiyo napendekeza "mfumo endeshi wa kuwahi". Huenda ikadaiwa kwamba "wahi" lina maana mbili. Dai hilo halina uzito: katika "sijawahi kufika" ni kitenzi kisaidizi kinachofuatwa na kitenzi kingine, ilhali katika "amewahi basi" ni kitenzi kikuu chenye yambwa yake. Muktadha huondoa utata.

Istilahi isiyobeba dhana humtwika mwanafunzi wa Kibaha au Kisarawe mzigo maradufu: kwanza alikariri neno, kisha ajitahidi kusahau maana yake ya wazi. Tusimlaumu kwa kuuliza vibaya iwapo sisi ndio tuliompa neno baya.