Muda wa Mahakama Ukiisha: Barua ya Wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali



Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979. Kabla ya hapo rufaa zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa na Waingereza mwaka 1902, na enzi za ukoloni aliyeshindwa huko aliweza kufika hadi London. Njia ya London ilifungwa baada ya Uhuru; ile ya Afrika Mashariki ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Francis Nyalali, aliyeteuliwa Jaji Mkuu mwaka huohuo, aliiongoza Mahakama mpya hadi mwaka 2000.

Majaji wa Rufani huketi watatu. Kwa kawaida hawaiti mashahidi upya. Husoma kumbukumbu za shauri na kusikiliza hoja za mrufani na mjibu rufani. Kwa jambo zito jopo huongezwa. Rufaa hutoka Mahakama Kuu ya Tanzania na pia Mahakama Kuu ya Zanzibar, ila tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi huishia Visiwani.

Ugumu hujitokeza pale sheria ya Bunge inapogongana na Katiba. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai haki ya mgombea binafsi. Bunge likajibu upesi kwa kuibadili Katiba yenyewe. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006, lakini mwaka 2010 majaji saba wa Rufani wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani wakasema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaona kwamba haki zake zilivunjwa. Unyenyekevu wa mwaka 2010 ulikuwa na mantiki yake, lakini ulimrudisha mdai kwa walewale aliokuwa akiwalalamikia.

Katika shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuoa na kuolewa, Mahakama haikurudi nyuma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18; kwa idhini ya mahakama umri uliweza kushuka hadi 14. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali. Mwaka mwingine ukapita, muswada wa kuvirekebisha haukupitishwa.

Mamlaka ya kutoa muda kama huo yamo katika ibara ya 30(5) ya Katiba. Badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, mahakama yaweza kuiachia Serikali nafasi ya kuondoa kasoro. Sheria huhesabiwa halali hadi marekebisho yafanyike au muda uishe, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo muda ukikatika bila marekebisho, uhalali nao umekatika, hata kama kitabu cha sheria bado kinakionyesha kifungu kilekile. Hakimu wa wilaya au mzazi atakayekifungua kitabu hicho hatakuta popote palipoandikwa kwamba siku ya mwisho imepita.

Mahakama haina karani wa kuandika miswada wala askari wa kulihimiza Bunge. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ndiyo iliyosimama kuitetea sheria mbele ya majaji, na ndiyo inayoishauri Serikali na kuandaa miswada yake. Inaombwa basi, kila muda unapotolewa chini ya ibara ya 30(5), itangaze katika Gazeti la Serikali kifungu kinachohusika na tarehe ya mwisho. Na tarehe hiyo ikipita bila marekebisho, itangaze pia kwamba kifungu hicho hakina nguvu tena.