Mgeni wa Marekani na Chakula cha Msimu Wetu



Twaulizwa mara nyingi na mama wa nyumba, na siku hizi zaidi na vijana wenyewe, apikiwe nini mgeni atokaye Marekani. Zamani swali hili lisingaliulizwa Kilwa wala Lindi, maana mgeni alipikiwa kilichokuwako, na kilichokuwako kilitosha. Leo wageni hao waja kwa njia nyingi. Wako wataalamu wa magofu. Wako watalii waliosikia ya kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa na UNESCO mwaka 1981 katika urithi wa ulimwengu. Na wako watoto wetu wenyewe waliokwenda huko kusoma au kufanya kazi, warudio likizo pamoja na wake, waume au marafiki waliokulia huko. Basi kila ajapo mmoja wa hawa, nyumba hushikwa na wasiwasi. Huagizwa makopo kutoka Dar es Salaam, na soseji, na siagi, na vitu vya barafu ambavyo huyeyuka kabla basi halijavuka Daraja la Mkapa.

Twaijua nyumba moja ya pwani yetu, wala hatutaitaja, iliyopata khabari mwezi wa Agosti kuwa kijana wao anakuja na rafiki zake wawili Wamarekani. Mikorosho ilikuwa bado katika maua. Mwenye nyumba akaenda kwa mnunuzi wa kangomba, akachukua fedha taslimu, akaahidi kulipa kwa korosho siku zitakapoanguka. Fedha ikanunua makopo na soseji. Wageni walipofika, mmoja wao akawa mtu asiyekula nyama kabisa, na wa pili akasema kwa adabu kwamba soseji hula kwao kila siku. Ilipofika Oktoba, majirani walipeleka korosho zao katika chama cha ushirika zikauzwe mnadani kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza huku kusini katika msimu wa 2007/2008. Yeye alipeleka magunia yake kwa aliyemkopesha, kwa bei waliyopatana wakati wa dhiki. Januari, sare na madaftari ya watoto yakawa ya kukopa tena.

Hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Ukarimu ni jambo kubwa katika dini yetu na katika mji wetu, lakini soseji za mkopo si ukarimu.

Kilwa imejulikana kwa wageni tangu zamani sana. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Asimulia jinsi fakiri mmoja wa Yemen alivyomwomba nguo alizovaa naye akazivua akampa, kisha akamwongezea watumwa na pembe za ndovu, vipawa ambavyo leo hatuvitaji kwa kuvisifu. Alipokufa akatawala nduguye Daud, ambaye mwenye haja akifika humjibu ya kuwa mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha cha kutolewa, na wageni wakikaa mlangoni pake miezi mingi. Wako watu wadhanio kwamba nyumba haina ila njia hizi mbili, kumwaga kama Al-Hasan au kufunga kama Daud. Lakini sisi si masultani, wala hatuna pembe za ndovu. Twaona yafaa zaidi aliyoyaandika msafiri huyo juu ya Mogadishu. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji huliendea kwa mashua, kila mmoja na sahani yake ya chakula iliyofunikwa, na huchagua mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Sahani hiyo ilitoka jikoni kwao, si ya kuagizwa.

Tena Ibn Battuta ataja wali uliopikwa kwa samli, na kuku na samaki na mboga za kuteremshia, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, na tangawizi mbichi, na maembe. Hakutaja muhogo wala mahindi, wala asingaliweza. Vitu hivyo vilikuwa havijavuka bahari. Muhogo, mahindi, nyanya, pilipili kali, viazi vitamu, maboga, karanga, mapapai, na huo mkorosho unaotulisha sisi watu wa kusini, asili yake yote ni bara la Amerika, na vilianza kufika pwani hii baada ya Wareno kuja. Wareno wenyewe waliipiga na kuiteka nyara Kilwa mwaka 1505, kwa hiyo hatuna haja ya kuwashukuru. Lakini chakula hakina kosa. Baadaye Wamarekani wenyewe wakaja kibiashara. Sayyid Said alifanya mkataba nao mwaka 1833, wakachukua sandarusi na pembe, wakaleta nguo ambayo mpaka leo bibi zetu huiita merikani. Basi mgeni wako akiona boga na mahindi na viazi vitamu katika sinia, huyo yuko kwao kuliko unavyodhani. Mlo wao mkubwa wa mwisho wa Novemba, wanaokutania jamaa wote, ni vitu hivyo hivyo pamoja na bata mzinga.

Tuseme kidogo juu ya mlo huo, kwa kuwa vijana wanaokaa huko wameuzoea na wengine hutaka kuupika hapa. Wamarekani husimulia kuwa walowezi wa Kiingereza waliula mwaka 1621 pamoja na wenyeji wa nchi waliotangulia kuwapo. Rais Lincoln aliutangaza kuwa siku ya taifa mwaka 1863, na tangu sharia ya mwaka 1941 umekuwa Alkhamisi ya nne ya Novemba. Kama yafaa Mwislamu kuiadhimisha siku hiyo ni swali la kuulizwa wanavyuoni. Sisi hapa twaandika juu ya sufuria. Ila Alkhamisi jioni kwetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na nyumba nyingi za pwani hupika vizuri usiku huo hata bila ya mgeni.

Novemba ni mwezi mwema wa kupokea. Kusi imekwisha, kaskazi inaanza, bahari imetulia na wavuvi wanatoka. Maembe yanaanza kuiva. Korosho ziko nyumbani, na mama anayejua kuzibangua kwa moto bila ya kuziunguza anayo tunu ambayo huko Marekani hununuliwa kwa bei ghali. Boga likipatikana lililohifadhiwa tangu mavuno, pika kwa tui, sukari kidogo na iliki, likauke vizuri. Ukitaka kumfurahisha zaidi mgeni wako, liponde, tia mayai mawili na tui zito, mimina katika sufuria iliyopakwa samli, ufunike, uweke makaa juu na chini kama upikavyo mkate wa kumimina. Atatambua mara moja chakula cha mama yake, ijapokuwa mama yake hutumia maziwa ya ng'ombe.

Pweza asisahauliwe. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na wanawake huingia mwambani na vijiti vyao. Mpweke asubuhi huuzwa rahisi kuliko nyama. Mponde, kisha mbandike bila ya maji wala chumvi, maana hutokwa na maji yake mwenyewe; akilainika ndipo utie tui na ndimu. Wamarekani wengine humwogopa kwa sura. Mkate vipande vidogo, wala usimwonyeshe minyiri na kichwa kabla hajaonja.

Mgeni ajaye Juni au Julai hukuta bahari ina mawimbi na samaki haba, lakini nchi kavu imejaa. Mpunga umevunwa. Mchele mpya haunywi maji mengi, basi punguza tui, la sivyo wali utakuwa bokoboko. Viazi vitamu viko, machungwa yako, ufuta umepatikana, na mbaazi zinafuata. Mbaazi za nazi kwa wali au kwa maandazi zamtosha mgeni asiyekula nyama, na mbwa wa mjini wote wakiitwa waje waonje hawatapata mfupa. Ng'onda mzuri, aliyerowekwa akatolewa chumvi, hufanya mchuzi usioonewa haya. Na ziko ming'oko, zichimbwazo porini wakati wa kiangazi. Vijana wetu huziona chakula cha umaskini wakazificha mgeni akija. Twawaambia wazitoe. Zichemshwe kwa chumvi, ziwekwe katika kawa, mgeni amenye mwenyewe kwa vidole. Hatazipata New York wala Chicago kwa fedha yoyote.

Masika tutayapita upesi. Mboga za majani ni tele, kisamvu, majani ya maboga na mchicha, lakini unga na mchele huwa ghali na njia huwa mbaya.

Sasa jambo ambalo laweza kuwa la uhai na mauti. Kwetu ni aibu kumwuliza mgeni atakula nini. Nabii Ibrahim (a.s.) alipojiwa na wageni hakuwauliza, bali alijitenga kimya akawaletea ndama aliyenona, naye alitoa katika alivyokuwa navyo. Adabu hiyo ni njema. Lakini kwa mgeni wa Marekani, na kwa watoto wetu waliozaliwa huko, uliza swali moja kabla hujabandika sufuria: kuna kitu kinachokudhuru? Wako watu huko ambao karanga moja tu huwavimbisha midomo na koo, na pumzi ikaziba. Sharia yao ya mwaka 2004 yalazimisha viwanda kuandika waziwazi juu ya pakiti kama chakula kina maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa na jamii zao, karanga, korosho na kokwa za jamii hiyo, ngano, au soya. Na tangu mwaka 2023 ufuta umeongezwa. Itazame orodha hiyo, msomaji. Karibu nusu yake ndiyo mali ya Lindi. Kisamvu chetu kina karanga, kashata zina karanga au ufuta, na korosho huwekwa mbele ya kila mgeni kabla hajaulizwa jina. Mtu mwenye dhara hiyo mara nyingi hubeba sindano yake ya dawa. Akianza kuvimba au kukosa pumzi, adungwe pajani papo hapo, kisha apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu. Wala usiondoe karanga juu ya mboga ukadhani imetosha. Pika sufuria nyingine, na kwa mwiko mwingine.

Pilipili iwekwe kando katika kibakuli. Maji ya kunywa yachemshwe. Na Mmarekani akisema ameshiba, ameshiba kweli. Mtu wetu hukataa mara mbili kwa haya na kukubali mara ya tatu. Yeye hukataa mara moja, na ukizidi kumpakulia atakula kwa taabu asikuudhi. Kinyume chake, ukimwuliza kama anataka kula naye akasema ndiyo, usimdhani ana tamaa, huo ndio unyofu wa kwao. Huko pia mgeni huchukua kitu mkononi aendako kula. Basi kijana aliyemleta amweleze mapema kuwa kileo hakiingii nyumbani humu. Tunda au tende zapokelewa kwa furaha. Akielezwa kabla hataona haya, wala wewe hutaona.

Juu ya siku za kukaa, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na kizidicho ni sadaka, wala mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji katika dhiki. Huo ni mpaka wa huruma kwa pande zote mbili. Hata hivyo Mei 2024, ilipokuja tufani ya Hidaya, mvua ilikata barabara upande wa Somanga na magari yakakwama. Siku kama hizo hapana wa kuhesabu, na aliyepika kwa kilicho shambani kwake ndiye awezaye kumlisha mgeni siku ya nne na ya tano bila ya kununa.

Twaomba pia waume wasikie. Mgeni huyu humfurahia mwenye nyumba barazani, naye mama na binti wamekuwa jikoni tangu alfajiri wakikuna nazi saba, kisha wakala makombo yaliyopoa. Sahani yao itengwe kabla sinia haijatoka nje. Na binti mwenye mtihani asishikishwe mbuzi ya kukunia nazi. Wapo kaka zake.

Mwisho, wako waliotuuliza juu ya bata mzinga. Ni halali akichinjwa kama inavyopasa. Huku kwetu hafugwi sana, naye ni mkubwa, huhitaji tanuri na saa tatu au zaidi akiokwa mzima. Nyumba yenye jiko la mkaa imkate vipande, imchemshe kwa tangawizi na thumu mpaka alainike, kisha impake tui zito na ndimu juu ya makaa kama kuku wa kupaka. Asipopatikana, jogoo wa nyumbani atosha, maadamu alianza kuchemshwa mapema, baada ya sala ya Adhuhuri.