Kukaa Kutwa Si Kupumzika



Wengi wetu tunaifahamu Wandegeya. Ndipo tunaposhuka tukiwa na barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Mulago. Siku nyingine ukifika pale, tazama taksi. Dereva ameketi kwenye usukani tangu alfajiri. Kondakta anaruka chini, anaita abiria, anapanda tena. Gari ni moja, lakini miili yao haifanyi kazi sawa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani huko London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo yao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi.

Kwa nini? Misuli ya miguu ikifanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu, na husukuma damu irudi kwenye moyo. Ukikaa saa nyingi bila kuinuka, kazi hiyo hupungua. Ukiishi hivyo kwa miaka, hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo huongezeka.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lililinganisha nchi 168. Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wazima wachache zaidi wasiotembeza mwili vya kutosha: kama 5 au 6 tu katika kila 100. Watu hapa hulima na hutembea. Lakini mkimbizi hakuja na shamba lake. Aliyekuwa akilima tangu asubuhi hadi jioni, leo anakaa mlangoni akisubiri.

Maoni yangu ni haya: tusiwahubirie wote mazoezi. Mama anayebeba maji na kuni kila siku hahitaji mazoezi, anahitaji kupumzika. Nasema na sisi tunaokaa: fundi cherehani, mwenye duka, vijana wa karata, na wewe unayesubiri jibu la kuhamishiwa nchi nyingine. Baba, chukua hiyo jerikeni ukateke maji. Utapata afya wewe, na mama atapata nafuu.

Ukiwa kazini, inuka mara kwa mara, unyooshe miguu na utembee kidogo. Jitahidi kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa juma. Asiyeweza kusimama anyooshe mikono na mwili akiwa kwenye kiti. Hata kidogo kinasaidia.

Ukisikia maumivu ya kifua, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usingoje. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kusubiri hatukukuchagua, ndugu zangu. Lakini tunaweza kusubiri bila kuketi kutwa nzima. Siku jibu litakapokuja, likukute una nguvu za kusafiri.