Punguzo Halifuti Tarehe

1.
Tunaendelea na mada zetu za chakula na afya. Leo ni zamu ya ile rafu ya "ofa" inayowekwa karibu na mlango wa maduka mengi ya vyakula hapa Dar. Mnaijua: juisi za boksi mbili kwa bei ya moja, maziwa ya kopo nusu bei, mayonezi, nafaka za watoto, mtindi uliobandikwa stika nyekundu. Wengi mmeniuliza inboksi, "Nesi, tarehe imepita wiki moja tu, kuna shida?" Jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini. Ofa ya kitu kinachokaribia kuisha muda ni jambo jema, na mimi mwenyewe nanunua. Ofa ya kitu kilichokwisha muda si ofa. Hapo mwenye duka anaitoa hasara yake stoo na kuihamishia tumboni kwako, halafu anakuchaji hela juu.

2.
Kabla sijaendelea, naomba tuache ile tabia ya kumcheka mnunuzi. Nikiandika mada kama hii lazima atokee mtu wa kusema, "Watanzania tunapenda vya bei chee, acha tuumwe." Hapana. Mama mwenye watoto wanne na elfu kumi ya siku akikuta maziwa nusu bei, kuyachukua ni akili, si uchoyo. Yeye anaamini kwamba kitu kilichopangwa rafuni kimekaguliwa na mtu. Imani hiyo si ujinga, ndiyo biashara yenyewe inavyoendeshwa. Lawama imfuate aliyejua tarehe imepita, akachukua kalamu nyekundu akapunguza bei badala ya kukitoa.

3.
Sasa tuje kwenye tarehe zenyewe, maana hapa watu wengi wanachanganya.

Kwenye pakiti kuna tarehe za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya "Best Before", mara nyingine wanaandika BB tu. Maana yake ni kwamba mpaka siku hiyo mtengenezaji anakuhakikishia ubora: ladha, harufu, biskuti kuwa kavu, rangi kuwa yenyewe. Ikipita, chakula hakigeuki sumu usiku huohuo. Tambi, sukari, chumvi, maharage ya kopo ambalo halijaharibika, hivi vinaweza kupitisha siku hiyo vikabaki vizuri tu.

Ya pili ni "Use By", yaani tumia kabla ya siku hii. Hii inahusu usalama. Mwongozo wa kimataifa wa lebo za vyakula, ule wa Codex, unasema kitu kikishapita tarehe ya aina hii hakitakiwi kuuzwa wala kuliwa. Utaikuta kwenye vitu vinavyoharibika haraka: nyama iliyosindikwa, samaki, vitu vya friji. EXP nayo ichukulie hivyohivyo, kwamba ndiyo mwisho. Bidhaa zetu nyingi wanaandika EXP hata kwenye biskuti, lakini wewe usianze kukisia nia ya kiwanda ukiwa umesimama dukani.

Jambo dogo ila linaponza: bidhaa za Marekani mwezi hutangulia siku. Ukiona 04/07 kwenye kopo la kutoka kule, hiyo ni Aprili 7, si Julai 4. Miezi mitatu inapotelea hapo.

4.
Najua kuna mjanja atakayesema, "Nesi umejipinga mwenyewe. Kama BB ikipita chakula bado kizuri, kwa nini duka lisiuze?" Swali zuri sana. Uingereza inaruhusiwa kuuza kitu kilichopita BB, ila kilichopita Use By ni marufuku. Denmark kuna duka linaitwa WeFood, lilifunguliwa Copenhagen mwaka 2016, linauza kwa makusudi vyakula vya ziada, vikiwemo vilivyopita tarehe ya ubora.

Lakini angalia tofauti. Pale WeFood mteja anaingia akijua anachonunua, hiyo ndiyo sifa ya duka lenyewe, na chakula kinatoka kwenye mfumo ambao ubaridi wake unafuatiliwa. Hapa kwetu mteja haambiwi kitu. Anaona "OFA" kubwa, tarehe iko chini ya kopo kwa wino wa kufifia, na bei mpya mara nyingine imebandikwa juu ya tarehe.

Halafu kuna hili la uhifadhi. Ile tarehe ni ahadi yenye masharti: "weka mahali pakavu na pa baridi", "hifadhi chini ya nyuzi 5". Kopo lililokaa kwenye kontena juani wiki mbili, au mtindi ulio kwenye friji inayozimwa usiku ili kubana LUKU, umeshaivunja ahadi hata kabla tarehe haijafika. Vijidudu vingi vinazaliana kwa raha kati ya nyuzi 5 na 60, na joto letu la Dar liko katikati ya hapo mwaka mzima. Kwa hiyo kitu kikiwa ndani ya tarehe bado una mashaka na uhifadhi wake. Tarehe ikishapita, hata ile ahadi moja uliyokuwa nayo mkononi haipo tena.

Ndiyo maana nasema hivi: nyumbani, kwa kitu kikavu ulichokinunua na kukitunza mwenyewe, BB ni mwongozo. Dukani tarehe iwe sheria.

5.
"Mimi nanusa kwanza." Hii naisikia kila wiki. Pua inakusaidia kujua kilichochacha, lakini vijidudu vinavyolaza watu hospitali vingi havitoi harufu yoyote.

Mfano ni bakteria anayeitwa Listeria. Huyu anakua hata ndani ya friji, taratibu, wakati wenzake wamelala. Afrika Kusini kati ya 2017 na 2018 alisababisha mlipuko mkubwa kuliko wote uliowahi kurekodiwa duniani kwa ugonjwa huo: wagonjwa zaidi ya 1,000 waliothibitishwa, na zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Chanzo kilikuwa poloni, ile nyama iliyosindikwa inayoliwa bila kupikwa. Ile haikuwa kesi ya tarehe kupita, uchafuzi ulitokea kiwandani. Naitaja kwa sababu walioila waliiona nzuri na wakaisikia tamu. Na kwa kuwa Listeria anaendelea kuongezeka kwenye friji, kila siku ya ziada kwenye rafu ni siku yake ya kuzaliana. Mjamzito anaweza kupata homa ndogo tu kama ya mafua, mimba ikatoka.

Na wale wa "nitachemsha sana": kuchemsha kunaua wadudu wengi, ndiyo. Ila wapo wanaoacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga ni hivyo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na chakula chao kilikuwa kimepikwa vizuri tu. Kwa hiyo siagi ya karanga au unga wenye ukungu ni wa kutupa, hata kama tarehe bado.

6.
Sasa sikilizeni hili, kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mgonjwa akija anaharisha tunamuuliza alikula nini. Karibu kila mtu anataja mlo wa mwisho: chipsi za jana, pilau la msibani. Lakini vijidudu vingi vinachukua siku moja, mbili, tatu kabla ya kuonyesha dalili, na Listeria anaweza kuchukua wiki kadhaa. Zile soseji za ofa za juma lililopita hakuna anayezikumbuka, pakiti ilishatupwa, risiti hakuna. Muuza chipsi analaumiwa, duka halitajwi kabisa.

Ndiyo maana mwenye duka anaweza kukuambia kwa moyo mweupe kabisa, "Nauza miaka kumi, hajawahi kulalamika mtu." Anasema kweli. Hajawahi, kwa sababu njia ya lalamiko kumfikia haipo. Ukimya wa wateja si cheti cha usalama.

7.
Kuna kitu kimoja ambacho sitaki mjadala: maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Hata iwe bei ya bure, tarehe ikipita usichukue.

Mtu mzima akila biskuti zilizopoteza ladha amepoteza ladha tu. Mtoto wa miezi mitatu anayeishi kwa kopo, kopo ndilo asubuhi, mchana na usiku wake. Vitamini hupungua kadiri muda unavyokwenda, na tarehe ile ndiyo mwisho wa kiwanda kukuhakikishia kwamba kilichoandikwa kwenye lebo bado kimo ndani. Isitoshe, maziwa ya unga hata yakiwa mapya hayajatakaswa kabisa dhidi ya vijidudu, ndiyo sababu WHO wanasema yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado hayajashuka chini ya nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Mama, kama kopo limekuwa ghali, njoo kliniki tuongee. Kunyonyesha kunaweza kurudishwa kwa wengi, na kama haiwezekani tutafikiria pamoja. Usiongeze maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na usichukue lililopitwa.

8.
Niwaguse na wenye uwezo kidogo. Kuna tabia ya kusafisha kabati, kukusanya vilivyoisha muda, na kumpa dada wa kazi aende navyo kwao, au kuvipeleka kituo cha watoto yatima na kupiga picha. Kama wewe mwanao hali, kwa nini yatima ale? Peleka kingali na mwezi mbele, kitaliwa kwa wakati na utapata thawabu ileile.

Na ndugu zangu wa kununua kwa kupima, siagi ya kupima, maziwa ya unga ya kupima: pale hakuna tarehe ya kuangalia kabisa. Muombe Mangi akuonyeshe ndoo au mfuko alikochotea. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Akianza kuwa mkali, hilo nalo ni jibu.

9.
Ukiwa dukani, fanya haya:

Geuza kopo kabla ya kusoma bei. Kama stika imefunika tarehe, ibandue. Tarehe iliyokwanguliwa au kuandikwa upya kwa wino tofauti, rudisha.

Kopo lililovimba, lenye kutu au lililobonyea kwenye maungio, acha. Boksi la maziwa au kikombe cha mtindi kilichotuna, acha.

Kuku wa friza mwenye barafu nyingi iliyoganda chini ya mfuko, huenda aliyeyuka akagandishwa tena. Acha.

Ukishagundua nyumbani, usitupe kimyakimya. Piga picha tarehe, chukua risiti, rudi ukadai hela yako bila kelele. Wakikataa, mwone afisa afya wa kata yako au toa taarifa TBS. Nasema TBS kwa sababu wengi bado mnataja TFDA: tangu 2019 usalama wa chakula ulihamishiwa TBS, na ndio wanaoondoa sokoni na kuteketeza bidhaa zilizoisha muda. Hawawezi kuwa kila mtaa, wanahitaji macho yetu.

10.
"Nesi, mimi nimeshakula." Tulia. Wengi hawatapata kitu. Usijitapishe, na usitegemee maziwa "kukata sumu". Ukianza kuharisha, koroga ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, unywe kidogokidogo. Mtoto apewe na zinki siku 10 hadi 14 kwa kipimo atakachopewa kituoni. Usikimbilie dawa za kuua bakteria bila kuandikiwa.

Njoo hospitali haraka ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila unachokunywa, macho yaliyoingia ndani, mtoto mlegevu, au mjamzito mwenye homa yoyote. Ukiona vitu viwili viwili, kope zikawa nzito, au ukashindwa kumeza baada ya kula cha kopo, usisubiri kuche.

11.
Mwisho ni kwenu wenye maduka, najua baadhi mnanisoma. Hasara ya bidhaa kulala inauma, sibishi. Lakini punguza bei mapema, mwezi mmoja kabla, uandike wazi kwa maandishi makubwa: "Inaisha tarehe fulani." Watu watanunua, na watakushukuru. Siku ikifika, kitoe. Vya watoto wachanga na vya friji vikaguliwe kila asubuhi kabla ya kufungua mlango.

Na nyie mliobaki, kesho mkiingia dukani geuzeni vitu vitatu tu vya rafu ya ofa, mniambie kwenye komenti mmekuta nini. Jina la duka msiliandike hapa, hilo lipelekeni kwa afisa afya. Wiki ijayo tutaongelea chakula cha shuleni na ndoo za kuhifadhia maji. Usiku mwema.