Mbwa Nao Wana Pasaka Yao



Pasaka inakaribia. Wengi wetu tumekwisha kuweka akiba ya mchele. Wengine wameungana watu watano au kumi ili wanunue ng'ombe mmoja. Mbuzi wa kuchinjwa wanajulikana tangu sasa. Hayo yote ni mema. Leo nataka tuzungumze juu ya mgeni ambaye hakualikwa, lakini hufika kabla ya wote. Mgeni huyo ni mbwa.

Huko Uingereza na Marekani, wakati wa Pasaka watu wazima huficha mayai ya chokoleti bustanini na watoto huyatafuta. Siku hizi wako watu wanaowafanyia mbwa wao mchezo kama huo. Huficha vipande vya chakula katika majani, na mbwa hunusa mpaka avipate. Ukisikia habari hii unaweza kucheka. Mimi nilicheka. Lakini mbwa wa vijiji vyetu nao wana msako wao wa Pasaka. Tofauti ni kwamba mbwa wa kule wamepangiwa na wenyewe. Wetu hujipangia.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Ng'ombe huchinjwa alfajiri chini ya mwembe. Hakuna uzio. Mbwa wa kitongoji kizima hupata harufu, nao huja. Ini lenye kasoro hutupwa pembeni. Mapafu hutupwa. Watoto husimama karibu kabisa, kwa sababu wanakitaka kibofu ili wakipulize kiwe mpira. Mara utasikia mbwa kumi wanagombania utumbo mmoja, na mtoto yuko katikati yao.

Mimi nasema msako huo ni wa hatari. Tusiuache ujiendee wenyewe. Tuupange.

Hatari ya kwanza ni kuumwa. Mbwa akiwa anakula hana rafiki, hata kama ni mpole siku zote. Jumatatu ya Pasaka ya mwaka juzi, baba mmoja alimleta mwanawe zahanati. Mtoto alikuwa na miaka minane. Aliumwa mkononi alipokuwa anaokota kibofu. Tuliosha jeraha, na mtoto akapelekwa hospitali kupata chanjo. Shida ilikuwa moja. Mbwa aliyemwuma hakujulikana ni wa nani. Katika kundi la mbwa wengi, nani angemtambua? Kwa hiyo hapakuwa na mbwa wa kumfunga na kumtazama. Ilibidi mtoto apigwe sindano zote, na kwa kila sindano kulikuwa na nauli ya kwenda na kurudi. Baba yake aliuza mbuzi aliyebaki. Mtoto yu mzima na anasoma. Lakini ile Pasaka iliwagharimu.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kujaribu. Dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Katika dunia nzima, watu wengi sana wanaokufa kwa ugonjwa huu huwa wameumwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaokufa, kama 4 ni watoto ambao hawajafika miaka 15. Lakini ugonjwa huu huzuilika kama mtu akiwahi. Kwa hiyo akiumwa mtu, osha jeraha mara hiyo hiyo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa dakika 15. Hizo si dakika mbili, ndugu yangu. Ni muda wa kupika chai na kuinywa. Usipake pilipili, wala mafuta, wala majani, wala unga wa betri. Halafu nenda zahanati siku hiyo hiyo. Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na atazamwe kwa siku 10. Lakini usikae nyumbani ukingoja siku hizo ziishe ndipo uje.

Hatari ya pili haina kelele, na kwa hiyo wengi hawaijui. Nitaieleza polepole.

Je, umewahi kuona ini la mbuzi au la kondoo lenye vifuko vya maji? Huwa vyeupe. Vingine ni vidogo kama punje ya mahindi, vingine ni vikubwa kama yai. Mapafu nayo huwa navyo. Mchinjaji akiviona hulikata ini lile akamtupia mbwa. Hapo ndipo mzunguko unapoanza. Ndani ya vifuko hivyo mara nyingi kuna vijidudu vya mnyoo. Mbwa akivila, vijidudu hukua tumboni mwake vikawa minyoo midogo sana, yenye urefu wa milimita chache tu. Mbwa haonyeshi kuumwa. Hunenepa na kubweka kama kawaida. Lakini mayai ya minyoo hutoka pamoja na mavi yake, nayo hukaa katika majani, katika udongo, katika maji ya lambo na hata katika manyoya yake.

Mbuzi akila majani yale, hupata vifuko. Na mtu je? Mtoto akimshika mbwa halafu akala ugali bila kunawa, humeza mayai yale. Basi kifuko huota ndani ya ini lake au ndani ya mapafu yake. Hukua taratibu kwa miaka mingi. Mtu huja zahanati akiwa mtu mzima, tumbo limevimba, naye hakumbuki mbwa wa utotoni. Wagonjwa wengi wa namna hiyo huhitaji kupasuliwa. Wataalamu huuita ugonjwa huu hidatidi. Umewasumbua sana wafugaji wa Turkana, kaskazini magharibi ya Kenya, na kwetu Tanzania umeonekana kwa wafugaji wa Kimasai.

Kumbuka jambo moja. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kula nyama yenye vifuko. Huupata kwa mayai yanayotoka kwa mbwa. Kwa hiyo anayemtupia mbwa ini bovu huona kwamba ameondoa uchafu, kumbe ameurudisha nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma.

Wako wazee wanaosema, "Mbwa hula matumbo tangu enzi za babu zetu." Ni kweli, wazee wangu. Sisemi mbwa asile. Mbwa hulinda mifugo usiku kucha sisi tukiwa tumelala, na Pasaka ni haki yake pia. Nasema apikiwe. Ini, mapafu na matumbo yakichemshwa nusu saa nzima, vijidudu hufa. Hesabu nusu saa tangu maji yanapoanza kuchemka, si tangu sufuria inapowekwa mafigani. Kata vipande vidogo ili moto ufike ndani. Ini lililojaa vifuko usihangaike nalo. Lizike au lichome moto.

Wako na wengine wanaosema dawa ni kuwaua mbwa wote. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Ukiwaua mbwa wa kijiji hiki, watakuja wengine kutoka vijiji vya jirani, tena wasiochanjwa. Kinachozuia kichaa cha mbwa ni chanjo. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, na chanjo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Mwulize afisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Mwulize pia dawa ya minyoo ya mbwa, maana ipo na inaua minyoo ile niliyoitaja.

Sasa twende kwenye mpango wenyewe. Mahali pa kuchinjia pawe pamoja, na pazungushiwe miiba kama boma la ng'ombe. Pachimbwe shimo lenye kina cha mita moja au zaidi. Kila kisicholiwa kiingie shimoni na kifunikwe kwa udongo, kisha miiba iwekwe juu ili fisi na mbwa wasifukue. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipochimba vyoo kwa wingi. Kijiji kilichoweza kuchimba vyoo vile hakiwezi kushindwa na shimo moja. Watoto wakae nje ya miiba. Kibofu wataletewa na mtu mzima, kikiwa kimeoshwa.

Mbwa wote wafungwe tangu usiku wa kuamkia siku ya kuchinja. Jioni, kila mtu amlishe mbwa wake katika ua wake. Ukitaka kumfurahisha, fanya kama wale wa Uingereza. Tawanya vipande vilivyochemshwa na kupoa katika majani ya ua, kisha mfungulie. Mbwa hupenda kutafuta kwa pua. Hesabu vipande kabla ya kuvitawanya, na kisichopatikana kiokotwe, kisilale kikavuta panya. Utaratibu uwe hivi: ua mmoja, mbwa mmoja, mtu mzima mmoja. Kama una mbwa wawili, fungua mmoja baada ya mwingine. Watoto watazame kutoka mlangoni.

Yako na mambo madogo ya kuangalia. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti vyenye ncha, nayo huweza kumchoma mbwa kooni na tumboni. Makombo ya pilau si chakula chake, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya mbwa. Machicha ya pombe vilevile. Wako wanaocheka wakimwona mbwa anayumba, lakini pombe humdhuru mbwa, tena yeye hakuiomba. Na ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka mjini wakileta chokoleti, wape watoto. Chokoleti ni sumu kwa mbwa. Mwili wake hauiwezi kama wetu, naye huweza kutapika, kutetemeka, na hata kufa.

Ndugu zetu Waislamu, maneno haya yanafaa pia siku ya Idi ya kuchinja. Mnyoo haujui ni sikukuu ya nani.

Akina mama mniwie radhi, maana najua kuni za kuchemshia zitatoka mgongoni mwenu. Mimi naona kila anayepata fungu la nyama alete na kuni zake, wanaume wakiwa wa kwanza. Sufuria ya mbwa iwe moja kwa kitongoji kizima, na isirudi jikoni kwa mtu.

Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano wa kitongoji wiki hii. Mkutano uchague mchinjaji, watu wawili wa kulinda miiba, na vijana wa kuchimba shimo. Shimo liwe tayari kabla ya Ijumaa Kuu. Likianza kuchimbwa Jumapili asubuhi, mbwa watafika kabla ya jembe.